Namba Tatu Wawili wa Bukoba na Vigingi Vyangu

Vijana wangu, juzi mlinishtua. Mlikuja wanne na redio yenu, mkaniuliza eti kati ya wapigaji wote wa namba tatu niliowaona enzi za Mwingereza, nani alikuwa bora. Swali lenyewe halikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba bado kuna mtu anajua Bukoba hii iliwahi kuwa na kriketi. Nilidhani wote waliojua tumeshawazika.

Nilianza kuwajibu, koo likanikauka, mkaniletea maji mkidhani ni uzee. Si uzee, jamani. Lile swali lina kidonda ndani yake. Nimeona afadhali niandike, maana kwenye karatasi hakuna anayenikatiza kusema pole.

Mimi ni Karoli, mtandika mkeka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale uwanjani karibu na ziwa, miaka kumi na tisa. Msicheke. Kriketi ya huku haikuchezewa kwenye majani. Mvua ya Bukoba mnaijua, majani yangeoza na mpira ungezama. Tulikuwa na ukanda wa changarawe uliopigwa rola ukawa mgumu, na juu yake tukatandika mkeka wa makumbi ya nazi, mrefu, mzito kama ng'ombe aliyelala. Mrushaji anatupa mpira, mpira unadunda kwenye mkeka, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia upande wa pili; kila akifika ni mkimbio mmoja. Akiukosa ukagonga vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, au ukidakwa hewani, ametoka, anakuja mwingine. Mengine yote ni madoido.

Aliyenifundisha ni Mzee Juma, aliyekuja Bukoba na meli akiwa kijana, akaoa hapa, akasahau kurudi kwao pwani. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Siku ya kwanza nilikipigilia wima kigingi cha kushikia mkeka, akaking'oa, akakitupa miguuni pangu. "Unajenga banda la kuku? Kilaze kidogo, kichwa kitazame nje, ndipo kitavuta!" Akanifundisha kuilowesha changarawe jioni ya jana yake, kupiga rola asubuhi umande ukiwepo, na kuuvuta mkeka kwa kukaa chini na kukaza miguu, si kwa mgongo. Wangapi wamevunja viuno kwa kuvuta kwa mgongo! Na kila Jumapili, kabla wachezaji hawajaingia, alipita juu ya mkeka pekupeku, macho amefumba. Nyayo zilimwambia pale palipolegea. "Mkeka ukilegea upana wa kidole," alisema, "mpira utaruka mpaka usoni. Ukimuumiza mtu, wa kulaumiwa ni wewe, si mrushaji." Nilimjibu, "Ndiyo, mzee," kama tunavyojibu wote tukiwa na haraka ya kwenda kula.

Tulikuwa na tabu zetu. Viboko walitoka ziwani wakapita katikati ya uwanja wakaacha mashimo ya nyayo. Hata sheria tulitunga: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mpigaji anapewa mikimbio miwili, basi. Timu ya Mwanza ilipokuja kwa meli ikaisikia sheria hiyo, kapteni wao aliomba arudiwe kuelezwa mara tatu. Alidhani anataniwa.

Sasa namba tatu. Wapigaji wawili wa kwanza wanajua saa yao ya kuingia. Namba tatu hana saa. Mmoja wa wale akitoka kwenye mpira wa pili, anaingia mpira ungali mpya, mgumu, unauma. Wasipotoka, anakaa amevaa pedi miguuni mpaka matoke ya mchana yaive, na bado hajui. Anatakiwa ajue kupiga kwa hasira na kukaa kwa subira, vyote siku moja. Sheria yetu ya kwanza ilikuwa: namba tatu haendi chooni. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa idara ya barabara aliyeivunja. Alikuja mbio kutoka chooni, gongo mkono mmoja, suruali mkono mwingine, akatolewa mpira wa kwanza. Mchezo ulisimama kwa kicheko.

Huyo hakuwa bora, hilo sote tunakubaliana. Bora walikuwa wawili. Mmoja ni Bwana Kasamali, Mhindi mwenye duka kule Muleba. Wa pili ni Bwana Lobo, Mgoa, karani wa bomani.

Kasamali, loo! Mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa mpaka kitufe cha shingoni. Hakuupiga mpira, aliugeuza kwa viganja tu, nao ukakimbia wenyewe mpaka ukingoni. Akina mama waliotoka kanisani walisimama na vikapu vyao kumtazama, na hawakujua hata nani anacheza na nani. Alinisalimia kwa Kihaya, akaniuliza habari za kibanja changu cha migomba na mke wangu. Nilimpenda, nasema wazi.

Lobo alikuwa mfupi, kitambi kidogo, miwani. Alizuia. Mpira ukija, anazuia. Ukija mwingine, anazuia. Unaweza kuchuma ndoo ya kahawa, ukarudi, ukamkuta palepale na mikimbio ileile. Kunisalimia ilikuwa kutikisa kichwa tu. Mimi nilimwita Kisiki, nikawafundisha na wenzangu wamwite hivyo.

Ikaja barua kwamba Mwanza wanakuja tena. Kapteni wetu, Mwingereza aliyekuwa bwana shamba, akasema namba tatu ni mmoja tu. Jumapili inayofuata tugawane pande mbili, Kasamali awe namba tatu wa upande huu, Lobo wa upande ule, atakayepiga vizuri zaidi ndiye. Nami nikasikia kwamba mwenyewe anaegemea kwa Lobo, kwa kuwa Lobo hatoki upesi. Damu ikanichemka. Kisiki acheze mbele ya watu wa Mwanza, Kasamali abaki kubeba maji?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Upande wa Kasamali siku zote ulipiga wa pili. Ilikuwa desturi, kwa sababu lori lake lilichelewa kwenye matope ya barabara ya Muleba, na huwezi kumpanga namba tatu mtu aliyekwama njiani. Kwa hiyo nilijua: asubuhi atapiga Lobo, baada ya chakula Kasamali. Asubuhi ile nikachukua mtaimbo, nikaving'oa nusu vigingi viwili vya upande wa ziwani, pale mpira unapopenda kudundia. Mkeka ukabaki umelala vizuri kwa macho. Ukikanyagwakanyagwa utajikunja kidogo, mpira utaruka vibaya, Kisiki atatoka. Mchana nitavikaza. Sikutaka aumie, naapa. Nilitaka atoke tu, aende kwenye mafaili yake. Mzee Juma alikuwa ameshafariki, hapakuwa na mtu wa kupita pekupeku.

Saa tatu nikamwona Kasamali anakuja kwa miguu, nguo nyeupe, anacheka. Nikashtuka mpaka mtaimbo ukanidondoka. "Karoli! Leo nimewaweza. Nimekuja tangu jana, nimelala kwa shemeji hapa mjini, mtaa wa Bakoba." Na kapteni, kwa furaha ya kumwona mapema, akapiga makofi: "Vizuri! Leo basi upande wa Kasamali uanze kupiga."

Mawe, mama yangu! Nyundo nilikuwa nayo mkononi. Ningesema tu, "Subirini, bwana, kigingi kimelegea," ningekwenda nikakikaza, na hakuna binadamu ambaye angejua lolote. Ilikuwa kazi yangu kusema hivyo, nilishasema mara mia. Lakini mwenye hatia huona kila mtu anamtazama. Nikajiambia, wakipumzika kidogo tu nitakwenda. Nikajiambia, labda mpira hautadunda pale.

Wawili wa kwanza walicheza kitambo. Mmoja akatoka kwa kosa lake mwenyewe, akadakwa. Kasamali akaingia. Mpira wa kwanza akaugeuza, ukakimbia mpaka ukingoni. Wa pili hivyohivyo. Watu wakapiga vigelegele, nami, mjinga, nikapiga makofi. Mpira wa tatu ukadunda kwenye mkunjo.

Niliusikia kabla sijauona. Ulimpiga kwenye jicho la kulia. Alianguka magoti kwanza, halafu ubavu, na lile shati jeupe likawa jekundu kifuani. Hakupiga kelele. Wa kwanza kumfikia alikuwa Lobo, aliyekuwa amesimama karibu kudaka. Alimwinua kichwa, akamfunga jicho kwa kitambaa chake, wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali. Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba kisima, akaingia mtu niliyempenda, nami nimesimama ukingoni mzima kabisa.

Kapteni akasema tupumzike, tutaendelea baada ya chakula. Watu walipoondoka nikakimbilia mkeka na nyundo, nikijipiga vidole. Nikaona kivuli. Lobo. Akapiga magoti, akaushika mkeka pembeni, akauvuta ukanyooka ili nipigilie.

"Labda ni kiboko, bwana," nikasema.

"Kiboko hana mikono, Karoli. Vigingi viwili, upande mmoja, vimeng'olewa nusu nusu." Aliendelea kuvuta. "Piga. Kiinamishe kidogo. Hivyo." Nilipiga. Kisha akasema polepole, "Huu ulikuwa mtego wangu, sivyo? Sisi ndio tungeanza."

Vijana, nimewahi kukoswakoswa na radi kule Bumbire, sikushtuka vile. Nikaitika kwa kichwa.

"Mimi sitasema," akasema. "Kusema ni kazi yako. Utamwambia yeye mwenyewe." Akapangusa magoti ya suruali yake, akaenda kula.

Alasiri hiyo Lobo aliingia namba tatu, akapiga mpaka jua likaelekea kuzama. Kwa mara ya kwanza nilimtazama kweli. Jamani, sikuwa nimemwona! Kila mpira aliosema "hapana", alikuwa ameshausoma mkononi mwa mrushaji. Wenzake walitoka mmoja mmoja, yeye yupo. Mpira wa kweli wa kupiga ulipokuja, mmoja katika kumi, aliupiga pasipo mtu. Nilikaa nyuma ya rola nikalia. Kapteni alipomwambia nafasi ni yake, alijibu, "Naishika mpaka Kasamali arudi. Ni yake."

Lakini Kasamali hakurudi. Kila Jumapili Lobo alipita kwangu akiwa amevaa glavu zake. "Umekwenda?" "Bado, bwana." Anakwenda zake uwanjani. Mwanza wakaja, wakacheza, wakarudi kwao. "Umekwenda?" "Bado." Niliogopa kufukuzwa kazi, niliogopa polisi, lakini zaidi niliogopa uso wake. Jeraha lilipona, niliambiwa. Daktari alisema jicho ni zima. Nikajifariji: basi, limepita, nikaseme nini tena?

Ndipo dereva wa lori lake alipokuja mjini, peke yake, akaniletea gongo la Kasamali niipe klabu. Nikamuuliza kulikoni. "Bwana haendeshi tena gari," akasema. "Anasema ule mpira hakuuona kabisa. Baba yake alipofuka akiwa na umri huohuo. Anasema ndiyo imeanza."

"Imeanza nini?"

"Upofu, Karoli. Ameshawaambia nyumbani."

Yesu na Maria! Jicho lilikuwa zima, mpira ndio uliopinda, na mtu anajizika akiwa hai kwa sababu yangu. Kesho yake nilipanda lori lilelile kwenda Muleba. Hata ruhusa sikuomba.

Niliingia dukani mchana, nikasimama mlangoni. Kasamali alikuwa amejifunga kitambaa cheusi machoni. Anatembea nyuma ya kaunta mikono mbele, anapapasa majora ya vitambaa. "Kaniki," anasema. Mke wake, Mama Shirini, amekaa kwenye kigoda, macho mekundu. "Hapana, Baba Shirini. Hiyo marekani. Kaniki ipo kushoto." Anapapasa tena. Alikuwa anajifunza duka lake gizani kabla giza halijaja.

Sikusalimia. Nikasema yote palepale mlangoni, mfululizo: Lobo, mtaimbo, vigingi viwili, mkunjo. "Mpira ule hakuna binadamu angeuona, bwana. Macho yako hayana kitu. Ni mimi."

Alivua kitambaa. Akazunguka kaunta taratibu, akanijia, akanipiga kofi ambalo nililisikia mpaka kwenye meno. Mama Shirini akainuka. Nikangoja la pili.

"Sema tena," akasema.

"Ni mimi niliyelegeza mkeka. Macho yako ni mazima."

Akamwita mama yake mzazi kutoka ndani, bibi kizee ambaye ndiye aliyemwongoza mumewe mkono miaka yote ya upofu wake. "Sema tena, asikie mama." Nikasema mara ya tatu. Yule bibi Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akamtazama mkwewe, mkwewe akamfasiria. Akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa mtandio.

"Miezi minne," Kasamali akaniambia. "Miezi minne nimekuwa nikimtazama binti yangu sana kila siku, ili nisije nikamsahau sura. Unajua hivyo, Karoli?" Sikujua. Hadi leo nikikumbuka maneno hayo hunishinda. Hakunikaribisha kiti wala kahawa ya kutafuna, ambayo nyumba ile haikumnyima mtu. Akaniambia niende. Nilipofika barabarani akanipigia kelele, "Mwambie kapteni nakuja Jumapili! Na mwambie mwenyewe kwa nini!"

Nikamwambia kapteni. Alikuwa mwekundu kwa kuzaliwa, akazidi. Alininyang'anya nyundo, akanipa rola peke yake kwa msimu mzima, na kila mtu uwanjani akajua sababu. Ilikuwa haki. Wengine waliacha kujibu salamu yangu, nao hawakukosea.

Jumapili ile Kasamali alikuja na familia nzima, mama yake wakamkalisha kwenye kiti chenye mto. Lobo alikuwa ameshajiandika namba nne bila kuulizwa. Mpigaji wa kwanza akatoka, Kasamali akaingia. Hakwenda moja kwa moja kwenye vijiti. Alizunguka mkeka mzima, akakigonga kila kigingi kwa gongo, kimoja kimoja, watu wote wakimtazama yeye, kisha wakinitazama mimi niliyesimama kando ya rola. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasimama hivyohivyo mpaka akamaliza.

Akajiweka sawa. Mrushaji akaja mbio. Mpira ukadunda vizuri kabisa, ukapita chini ya gongo lake, ukaangusha vijiti. Mpira wa kwanza! Sifuri. Uwanja wote ukasema, "Aaah." Nikafumba macho, nikasema moyoni, nimemmaliza mtu huyu kabisa.

Nikasikia mtu anacheka. Kasamali alikuwa ameinua gongo juu kwa mikono miwili, anakuja mbio kama aliyepiga mia. Akakutana na Lobo katikati ya uwanja, Lobo anaingia, akamkumbatia mpaka miwani ikaanguka. "Nimeuona!" anapiga kelele. "Lobo, nimeuona! Nimeuona mpaka unagonga vijiti!" Akawageukia mama yake na mkewe, akarudia kwa Kihindi, kwa nguvu zake zote.

Mama Shirini akaangua kilio, na mama mkwe wake akalia naye, wameshikana. Wenyeji waliokaa karibu wakawaonea huruma. Mama mmoja akamshika Mama Shirini bega, akamwambia, "Pole, mwenzangu. Usilie hivyo. Kutolewa ni mchezo tu."